Anayerudi kundini apewe tarehe

Kumtenga mtu kanisani tunakuweza, kumrudisha ndiko kunakotushinda. Binti akionekana ana mimba nje ya ndoa, baraza la wazee linakaa, jina linaandikwa, Meza ya Bwana, yaani mkate na divai, anazuiwa. Uliza ni mpaka lini, utaambiwa "mpaka atubu". Atubu mbele ya nani, kwa muda gani? Hapo kimya.

Kanisa la kale lilikuwa kali kuliko sisi, ila lilihesabu. Kanuni ya 11 ya Mtaguso wa Nikea, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, iliwapangia walioikana imani bila kushurutishwa miaka 3 pamoja na wasikilizaji (walioruhusiwa kusikia Neno tu), 7 ya kusujudu, na 2 ya kusali na waumini bila kushiriki Meza. Jumla 12. Mingi mno, lakini mtu alijua anamaliza lini. Na kanuni ya 13 ikasema anayekaribia kufa asinyimwe Meza hiyo. Paulo naye, katika 2 Wakorintho 2, anaona adhabu imetosha na anataka mkosaji asamehewe asije akamezwa na huzuni.

Kwa hiyo mchungaji amsikilize faragha, akiwepo mzee mmoja tu (mwanamke, ikiwa anayerudi ni binti), na siku hiyohiyo tarehe ya kurudi iandikwe. Wiki 6 zinatosha, kipindi kimoja cha mafundisho kwa wiki: Zaburi 51, Luka 15, Yohana 21. Hiyo ya mwisho isipitwe haraka. Petro alimkana Bwana penye moto wa makaa, na penye moto wa makaa akaulizwa mara tatu kama anampenda. Hakusomewa mashtaka, alipewa kondoo wa kulisha.

Palipo na madhara, yarekebishwe ndani ya wiki hizo. Zakayo, mtoza ushuru, aliahidi kuwarudishia aliowanyang'anya mara nne. Kijana aliyempa binti mimba aanze kutoa matunzo, naye aitwe kwenye mafundisho yaleyale. Tumbo lake halionekani, ndiyo maana huwa anaendelea kuimba kwaya.

Jumapili ya kurudi iwe ile yenye Chakula cha Bwana. Kama usharika hushiriki mara moja kwa mwezi, tarehe ipangwe kwa kuangalia hiyo. La sivyo mtu anaombewa mbele, kisha anabaki kwenye benchi wenzake wakienda mezani. Kosa lisitajwe kwenye kipaza sauti. Jina, sala, kuwekewa mikono, yatosha. Na deni la bahasha lisichanganywe na toba hata kidogo. Anayeambiwa alipe ahadi za mwaka ndipo arudi, anauziwa msamaha.

Msamaha si cheo, lakini. Mtunza hazina aliyekula sadaka arudi mezani, ila funguo za sanduku zibaki kwa mwingine. Yohana Marko aliwaacha wenzake Pamfilia, Paulo akakataa kusafiri naye tena. Barnaba ndiye aliyemchukua mpaka Kipro, kazini. Baadaye sana ndipo Paulo anamwandikia Timotheo kwamba Marko anamfaa kwa utumishi. Kila anayerudi atafutiwe Barnaba wake kwenye jumuiya, na kazi ndogo ndani ya mwezi wa kwanza.

Mwisho ni daftari la usharika. Mstari wenye tarehe ya kutengwa uandikwe pia tarehe ya kurudi na sahihi ya mchungaji, kwa sababu mchungaji huhamishwa, na anayekuja husoma kilichoandikwa.