Kichwa kikubwa: mrija au tundu?

Mtoto mwenye kichwa kikubwa ana macho yaliyoelekea chini, weupe umebaki juu, kama jua linalozama. Ukigusa utosi, umejaa na kukaza. Maji ya ubongo yanaendelea kutengenezwa kila saa, lakini njia yake ya kutokea imeziba, na fuvu changa linatanuka.

Kwa miongo mingi dawa yake imekuwa shanti: mrija wenye vali unaopita chini ya ngozi, kutoka kichwani, nyuma ya sikio, hadi tumboni, ambako mwili huyafyonza maji hayo. Upasuaji wake ni mfupi, na wapo watu wazima wanaoishi na shanti hadi leo. Bei nayo si kikwazo kama ilivyodhaniwa. Utafiti wa mwaka 2005 kule Mbale, Uganda, kwa watoto 195, ulionyesha kuwa mrija wa Chhabra kutoka India, wa takriban dola 35, haukuzidiwa na ule wa dola 650 baada ya mwaka mmoja.

Tatizo la shanti ni kuziba. Hata katika nchi tajiri, karibu nusu ya mirija wanayowekewa watoto huharibika ndani ya miaka miwili. Huko mzazi anafika hospitali siku hiyohiyo. Kwetu mtoto anaanza kutapika na kusinzia usiku, asubuhi mama anambeba hadi zahanati, anapewa dawa ya malaria, anarudi nyumbani. Siku ya tatu ndipo wanatafuta nauli ya kwenda mjini, na ubongo haukusubiri nauli.

Hilo ndilo lililomsumbua Benjamin Warf, daktari Mmarekani aliyehamia Mbale mwaka 2000 na kuanza kazi katika hospitali ya watoto ya CURE. Akitumia kamera nyembamba, alitoboa tundu kwenye sakafu ya chemba ya tatu ya ubongo ili maji yapate njia mpya, kisha akaunguza tishu inayoyatengeneza. Mtoto anaondoka bila mrija wowote mwilini.

Je, tundu limeushinda mrija? Hapana, na waliotangaza hivyo waliharakisha. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika Mbale kwa watoto wachanga 100 ambao maji yalijaa kichwani baada ya maambukizi. Baada ya mwaka mmoja, uwezo wa akili katika makundi mawili, la tundu na la shanti, haukutofautiana kwa maana yoyote. Matibabu yalishindikana kwa asilimia 35 ya waliotobolewa na 24 ya waliowekewa shanti, tofauti isiyotosha kitakwimu kumtangaza mshindi.

Hata hivyo mimi naegemea upande wa tundu, kwa sababu moja ambayo asilimia hizo haziionyeshi. Tundu likishindwa, mara nyingi hushindwa ndani ya miezi sita ya kwanza, wakati mama bado anahudhuria kliniki. Shanti inaweza kuziba mwaka wa pili, wa saba au wa kumi na mbili, familia ikiwa mbali na kila mtu ameshasahau.

Lakini naweka masharti. Chini kidogo ya sakafu inayotobolewa umepita mshipa mkubwa wa damu, na mkono usiozoea ukiugusa, mtoto anaweza kufia mezani. Daktari anayefanya upasuaji huu mara chache kwa mwaka aweke shanti bila kuona haya. Jingine linaniuma zaidi: mzazi kuambiwa "amepona" kwa kuwa hakuna mrija. Tundu nalo huweza kujifunga ghafla, hata baada ya miaka, na asiyeonywa hatarudi mapema.

Kwa hiyo, iwe mrija au tundu, mama asitoke wodini kabla hajafundishwa kuzungusha futi ya fundi cherehani juu ya nyusi na kisogoni, kila Jumapili, na kuandika namba kwenye kadi ya kliniki. Aandikiwe pia, kwa herufi kubwa, maneno ya kumwonyesha mganga wa zahanati: mtoto huyu amepasuliwa kichwa, akitapika na kusinzia, apelekwe hospitali leo.