Ni Bure, Mjomba

Mpwa wangu yuko chuo, na kila akija kula kwangu lazima aache ushauri kama malipo ya ubwabwa. Safari hii aliikuta kompyuta yangu ya mezani, ya kampuni kubwa ya ng'ambo, niliyoinunua Kariakoo imeshatumika na Wazungu mpaka herufi A imefutika. Ilikuwa inalia kwamba Windows 10 imekoma kuhudumiwa tangu Oktoba 14, 2025, na Windows 11 haiitaki kwa uzee wa prosesa.

"Weka Ubuntu, mjomba, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows. Ni bure."

Jamani, hilo neno lina maana mbili, mimi nikasikia moja.

Jina nalo lilinilainisha. Ubuntu ndiyo utu wetu huu huu, kwa ndimi za ndugu zetu wa kusini, na aliyeianzisha mwaka 2004, Mark Shuttleworth, ni wa Afrika Kusini. Nikasema Mwafrika mwenzangu hawezi kunitesa.

Flashi yangu ya GB 4 haikutosha, faili la kuisakinishia linakaribia GB 6. Nikanunua flashi. Bando likakata kwenye asilimia 92. Nikanunua bando. Bure hiyo.

Sasa, ili mashine iwakie kwenye flashi kuna kitufe cha kubonyeza kabla nembo haijapotea. Kipi? Kila kampuni ina chake, kama koo na miiko yao: F2, F9, F10, F12, Esc, Delete. Nikawa navitwanga vyote kwa pamoja, mama watoto akauliza kutoka uani kama ninaponda vitunguu saumu humo ndani.

Ikawaka. Picha safi, nikabonyeza endelea, endelea... hakuna diski.

Hakuna diski? Nikafungua kasha. Hiyo hapo, imekaa kwa raha na vumbi lake la Ulaya. Nikaigusa. Mtu mzima mimi, nikaionyesha skrini kwa kidole: "Si hii hapa!" Mpwa akanieleza kwa simu kwamba mashine nyingi za makampuni hutoka kiwandani zimewekwa RAID, hata kama diski ni moja, hivyo niingie kwenye BIOS, ile mipangilio ya ndani ya mashine kabla mfumo haujawaka, niigeuze iwe AHCI, mpangilio wa kawaida wa diski. RAID ni ya kuunganisha diski kadhaa! Kuiweka kwenye diski moja ni kumwajiri kondakta wa baiskeli.

Nikageuza. Diski ikaonekana, Windows ya zamani ikagoma kuwaka. Nikasema kurudi nyuma hakuna.

Kusakinisha kwenyewe hata dakika ishirini hazikufika. Njiani nikaambiwa niunde paswedi kwa ajili ya Secure Boot, yule mlinzi anayekagua programu mashine inapowaka, nitaulizwa kompyuta ikiwaka upya. Hawakusema nitaulizwa kwa sekunde 10! Nilikuwa namimina chai. Kurudi, skrini ya buluu imeshapita, na draiva ya Wi-Fi, programu ya kuiendesha, imefungiwa nje kama mume aliyechelewa.

Usiku nikarudia yote. Macho kodo, kidole hewani, chai nimeisusa. Skrini ya buluu hiyoo inakuja...

Umeme ukaisha. Mama watoto alikuwa ameniambia tangu mchana kwamba LUKU inapiga kelele.

Jumapili mpwa kaja. Kabla hata ya kunawa kaikodolea skrini, Wi-Fi imekamata, kila kitu shwari. "Umeona mjomba? Bure kabisa!"

Nikamsogezea ukoko.