Sio kweli kwamba nilishusha injini

Tuelewane kwanza, injini sijashusha. Huyo jamaa yangu aliyewatumia voisi ya dakika nne kwenye grupu ana mkono mzito wa chumvi. Nilibadilisha tairodi endi na stebilaiza linki, vile vyuma vya chini karibu na tairi. Basi. Na alaimenti, yaani kunyoosha tairi.

Gari mnaijua, ile IST yangu. Wiki tatu nyuma ikaanza kulia nikikata kona. Kulia: ko. Kushoto: ko-ko. Kwenye matuta ndo usiseme, kama kuna mtu chini anapiga sufuria kwa mwiko. Nikiwa kwenye lami iliyonyooka, kimya. Sasa mimi nilishaangalia video mbili tatu nikajipa udaktari, nikasema hii ni oili ya pawa stelingi imeisha, nikanunua lita nzima, nikafungua boneti usiku nikatafuta kitanki chake nusu saa huku wife ananimulikia na simu. Kesho yake fundi akaniambia taratibu, kama anampa mtu taarifa ya msiba, "Bosi, hii stelingi yake ya umeme, haitumii oili." Ile lita iko stoo, anayeitaka anicheki inbox.

Fundi mwenyewe ni mtu mzima, hana mambo mengi. Nikamwachia ufunguo wa gari, za nyumbani nikachomoa kama kawaida yangu, mjini hapa. Akapiga jeki, akashika tairi kulia na kushoto akalitikisa, akashika juu na chini akatikisa tena. Boljointi nzima. Sivi jointi nayo nzima, maana ile ikifa inalia tatatata ukikata kona huku unakanyaga mafuta. Tairodi endi ya kulia ndo imeanza kucheza, kidogo sana. Nikamwambia weka mpya zote mbili. Akaweka, tukapima alaimenti maana ukigusa hizo lazima, akaenda kuitesti, akarudi: "Kimya bosi."

Nikaondoka kwa raha zangu. Kipilefti ya kwanza tu: ko.

Nikarudi. Akazunguka nayo mtaa mzima, kimya. Nikaichukua mimi, ko-ko. Nikamlazimisha aweke stebilaiza linki, yeye anasema bosi utatupa hela, mimi nakomaa kama nimesomea. Akaweka. Akaitesti, kimya. Nikaichukua, ko. Hapo nimeshatoboka 180,000 na nimeanza kuamini fundi ana gari yake anayoitestia huko nje halafu mimi ananirudishia nyingine.

Sasa Jumamosi. Nikaenda gereji nimevimba, na huyo msambaza voisi nimempakia pembeni ili awe shahidi. Hiyo ndo ilikuwa kosa la kwanza. Kwa hasira hata injini sikuzima, nikashusha kioo nikasema kwa sauti, na wateja wengine wapo, mama mmoja na Noah yake na vijana wa kupiga rangi, nikasema, "Leo mtapanda humu wote, naendesha mimi, halafu mniambie kama mimi ni kichaa." Sentensi hiyo naisikia mpaka usingizini.

Wakapanda. Fundi na dogo wake nyuma, dogo ana spana mkononi bado. Kuna kiwanja pale mbele. Nikakata kulia: ko. "Mmesikia?" Wakanyamaza. Kushoto: ko-ko. "MMESIKIA?" Fundi akasema, "Geuza tena." Nikageuza, nimekaa upande kama dereva wa mashindano, natabasamu kabisa, yaani najiona nimeshinda kesi. Ko. Ko-ko. Nikaanza hotuba, kwamba watu tunatafuta hela kwa shida, kwamba siku hizi mafundi wanatesti kwa mdomo.

Katikati ya hotuba nikaona mkono. Mkono mweusi wa grisi, unatokea nyuma, unapita ubavuni kwangu taratibu, unaenda chini ya usukani. Dogo akashika rundo la funguo zangu, akalikumbatia kwenye kiganja.

"Kata kona, braza."

Nikakata kulia. Kimya.

Kushoto. Kimya.

Nikakata ya tatu naomba Mungu ilie. Ya nne nikapitia kwenye shimo makusudi. Kitu kilichosikika ni pumzi ya msambaza voisi, anajibana asicheke, pua inapiga filimbi.

Dogo akaachia. Ko.

Jamani. Ufunguo wa geti, wa mlango, wa stoo, wa makufuli mawili ya dukani, na opena ya soda ya shaba nene kama kiatu cha punda. Gari ikiinama kwenye kona, opena inagonga plastiki ya usukani. Na fundi akiitesti ana ufunguo mmoja mtupu, itagonga nini? Opena yenyewe, naomba mnisikilize hapa, ni zawadi tuliyopewa kwenye harusi ya huyo huyo msambaza voisi. Ina jina lake. Hilo kwenye voisi hakulisema.

Yaliyobaki ni mafupi. Mama wa Noah alicheka mpaka akaomba maji. Fundi hakucheka, na bora angecheka. Nikazima gari, nikachomoa ule ufunguo mmoja, nikampa 10,000 ya soda na samahani juu, nikaondoka hata sijafunga mkanda. Kimya njia nzima, kipilefti zote.

Nafika nyumbani saa mbili usiku, wife yuko kwa mama yake, geti limefungwa. Napapasa mfuko. Rundo limebaki juu ya meza ya fundi.

Ikabidi nipige simu. Dogo akaja na bodaboda, nauli juu yangu, kwenda na kurudi. Funguo alikuwa amezifunga moja moja kwa kitambaa cha gereji, na opena amevalisha soksi.

"Fundi kasema zisije zikakusumbua njiani, braza."

Hatukuwa na njia ya kwenda popote. Nilikuwa nimesimama getini kwangu.