Jirani wa kuchagua na jirani wa kukutwa

Mwaka 1964 msanifu majengo Jan Gudmand-Høyer na wenzake walinunua kiwanja nje kidogo ya Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, wajenge nyumba zao kuzunguka jengo moja la pamoja. Majirani wakagoma: watoto watakuwa wengi, kelele zitazidi. Mpango ukafa. Waliotaka ujirani wakakwamishwa na majirani! Makazi ya kwanza ya aina hiyo, Sættedammen, karibu na Hillerød, yalikuja kukamilika 1972. Kila familia ina nyumba yake na jiko lake, lakini upo ukumbi wa wote, na chakula cha pamoja hupikwa kwa zamu.

Wanaoyasifu makazi haya husema yanafundisha kuvumiliana. Kuna ukweli. Kabla hata ya msingi kuchimbwa watu hukaa vikao miaka kadhaa, na kwa kawaida hutafutwa maafikiano kwanza. Kura ni ya mwisho kabisa. Anayepinga jambo dogo tu atasikilizwa mpaka amalize.

Shaka yangu ni hii: anayeviweza vikao vyote hivyo ni mwenye nafasi, mwenye fedha na mwenye ulimi. Wengine hujitoa mapema. Wakibaki wanaofanana, wanamvumilia nani?

Mimi nimepanga Dar, nyumba ya vyumba sita, korido katikati, choo uani, mita moja ya Luku. Hakuna aliyemchagua mwenzake. Umeme tulichanga sawa kwa sawa, na friji ilikuwa chumba kimoja tu. Mama wa chumba cha pili hakusema neno. Kila mara mwenye friji akienda sokoni, yeye huingia akaichomoa, kisha akaendelea kuchambua mchele wake barazani. Miezi ikapita hivyo, samaki wakioza, na "umeamkaje" ya asubuhi haikukosekana hata siku moja. Tuliita kuvumiliana. Nikikumbuka sasa naona tulikuwa tumenuniana kwa adabu, maana neno la mwisho lilikuwa la mwenye nyumba, naye alikuja mara moja tu kwa mwezi, kuchukua kodi.

Hapo watu wa Sættedammen wananizidi. Kwao hakuna mwenye nyumba wa kusubiriwa. Suala la friji lingeletwa kikaoni, lingechosha watu wiki tatu, lakini mwenye friji angejua anadaiwa kiasi gani. Mama wa chumba cha pili alihama bila kulitaja.