Soko la umeme likifunguliwa, nani atabeba hasara?

Mtu wa Kisauni, Mombasa, akinunua tokeni ya umeme ya shilingi 500 hupokea kwenye simu ujumbe wa mistari mingi: bei ya uniti zenyewe ni mstari mmoja tu, kisha hufuata gharama ya mafuta, marekebisho ya fedha za kigeni, tozo ya umeme vijijini na kodi ya VAT. Wengi huufuta mara wakishabonyeza zile tarakimu 20 kwenye mita. Ningewaomba wausome kwanza, kwa kuwa mjadala mzima wa kuvunja ukiritimba wa Kenya Power, kampuni inayosambaza umeme nchini Kenya, umo ndani yake.

Sheria ya mwaka 1997 ilitenganisha uzalishaji na usambazaji, ikawapa nafasi wazalishaji binafsi. Mombasa iliyaona mageuzi hayo kwa macho: mtambo wa dizeli wa Tsavo, megawati 74, uliwashwa Kipevu mwaka 2001, na baadaye ukaja wa Rabai, megawati 90. Ukame ulikuwa umekausha mabwawa ya kuzalisha umeme, na mwaka 2000 nchi iliishi kwa mgao wa umeme. Bila mitaji ya watu binafsi giza lingedumu zaidi, na tuwe waadilifu kulikiri hilo. Lakini mitaji hiyo ilikuja na masharti. Mnunuzi, yaani Kenya Power, alikubali kulipia uwezo wa mtambo hata siku asizouhitaji, malipo yakahesabiwa kwa dola, na kila mafuta yalipopanda au shilingi iliposhuka, mzigo ulimwangukia mteja moja kwa moja.

Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 inaruhusu hatua nyingine, yaani leseni za kusambaza na kuuza umeme kwa zaidi ya kampuni moja. Wanaoiunga mkono wana hoja nzito. Stima ikipotea Likoni katika joto la kaskazi, mama mwenye friza ya samaki hana muuzaji mwingine wa kumkimbilia. Uganda nayo ilikabidhi usambazaji kwa kampuni ya Umeme mwaka 2005, na kwa miaka 20 upotevu wa umeme ukashuka kutoka zaidi ya theluthi moja hadi chini ya sehemu moja ya tano. Hata hivyo malalamiko ya bei hayakuisha, na mkataba ulipokwisha Machi 2025 serikali ililipa dola milioni 118 kuurudisha mtandao, huku kampuni ikidai zaidi.

Hofu yangu ni nyingine. Viwanda vya Changamwe na hoteli za Nyali hutumia umeme mwingi, na nguzo za kuwafikia ni chache. Muuzaji mpya atawataka hao kwanza. Wakihama, Kenya Power itabaki na mtaa wa Mishomoroni, vijiji vya Kwale na mikataba ya zamani ya wazalishaji, na anayetumia uniti zisizozidi 30 kwa mwezi, ambaye leo hutozwa bei nafuu kwa mchango wa wateja wakubwa, hatakuwa tena na wa kumchangia.

Kwa hiyo ninakubali ushindani, ila kila leseni ibebe eneo zima, tajiri na maskini pamoja, na mteja mkubwa anayehama aendelee kulipa fungu lake la mikataba iliyopo. Mikataba mipya ya uzalishaji nayo ishindaniwe kwa uwazi, iandikwe kwa shilingi kila inapowezekana, na ichapishwe kabla ya kutiwa saini.