Wahandisi nao wapewe Bugando yao

Ukipanda kilima cha Bugando asubuhi, utawakuta wanafunzi wa udaktari wamekizunguka kitanda, na mwalimu wao yumo katikati. Hakuja kukagua fomu. Mgonjwa yule ni wake pia. Dawa ikikosewa, yeye ndiye wa kuulizwa. Hospitali yenye vitanda zaidi ya 900 imegeuzwa darasa, na hapa Mwanza hakuna anayeona ajabu kwamba daktari anafundishwa mahali penye wagonjwa.

Mhandisi tunamfundisha vingine. Miaka minne ya mihadhara, na kila likizo ndefu anatolewa wiki chache za mafunzo kwa vitendo ambazo wengi wetu tulizimalizia kwenye kusaka muhuri. Mimi zangu za mwaka wa kwanza nilizitumikia katika kiwanda kimoja nikifagia chenga za vyuma na kumfuatia fundi mkuu chai na chapati. Kwenye daftari la kumbukumbu nikaandika kwamba nilishiriki matengenezo ya mitambo. Nilipewa alama A, na sikuikataa.

Nayakumbuka haya kwa sababu mitaala inapitiwa upya kila kona. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichofungua kitivo chake cha uhandisi mwaka 1973, bado ndicho wazazi wa huku wanachokitaja kwanza mtoto akifaulu PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati. Sasa kinajenga kampasi Kagera, ng'ambo ya ziwa, kwa fedha za HEET, mradi wa kuboresha elimu ya juu. Majengo yatapendeza, sina wasiwasi. Kompyuta zitakuwepo na akili mnemba itatajwa katika kila waraka. Hofu yangu ni kwamba tutavusha ziwa ubao uleule na chaki ileile.

Nina karakana ndogo ya boti kule Ilemela. Mwaka jana nilipokea kijana wa mwaka wa tatu, chuo sikitaji, mwenye kichwa chepesi kweli. Siku ya pili tu mteja alikuja akitaka mtumbwi wake wa abiria ufungwe injini ya nguvu za farasi 40 badala ya 15. Kijana akatoa simu, akapiga hesabu za uzito na maji yanayosukumwa, dakika kumi hazikuisha akasema inawezekana.

Fundi wangu mkuu, mzee wa darasa la saba ambaye ameunda mitumbwi tangu sijaoa, alikuwa anachagua mbao. Hata hakuinua macho.

"Mwanangu, abiria hao umewaweka wapi?"

"Nimewagawa sawasawa mzee, mbele na nyuma."

"Wakifika mwaloni wakasimama wote upande mmoja kushuka, simu inasemaje?"

Kimya. Simu haikuwa na la kusema, maana haikuulizwa. Kwetu huku swali hilo si la mtihani. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipinduka ikiwa karibu kabisa kufika bandari ya Mwanza, watu zaidi ya 800 wakafa. Mwaka 2018 kivuko cha MV Nyerere kikapinduka kikikaribia Ukara. Mtoto wa kanda hii akisoma uhandisi, somo la chombo kulala ubavu linapaswa kumfikia kabla ya somo lolote la programu ya kuchorea.

Nikiulizwa ninachotaka, nitajibu: mwaka mmoja mzima kati ya ile minne uhamie kazini, na mhadhiri ahamie pamoja na wanafunzi wake. Awe na kazi yake pale, boti au pampu au barabara ambayo ikiharibika jina lake litatajwa. Najua mhadhiri anapandishwa cheo kwa makala anazochapisha, na mwenye watoto wa kulisha hawezi kuacha kuandika makala akaja kunusa resini Ilemela. Basi chombo alichokisanifu, kikaelea na kurudi salama msimu mzima, kihesabiwe kama makala. Hili ndilo gumu kuliko yote, na ndilo ambalo vikao huliruka haraka kwenda kwenye bei ya vifaa.

Wapo watakaosema Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mpango wake wa SEAP tangu 2003, ambapo mhitimu hukaa miaka 3 chini ya wahandisi wazoefu. Ni mpango mzuri. Ila unamkuta mtu ameshavaa joho, na mwalimu aliyemfundisha hayumo. Mlimani, kwenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, vilevile kumekuwa na karakana na kituo cha kuendeleza teknolojia kwa miaka mingi. Shida ni kwamba karakana ya chuoni haina mteja anayegombana nawe kesho yake asubuhi.

Halafu kuna fursa zinazotupita. Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya maji, lilijengwa kwa takriban miaka mitano mbele ya macho yetu, likafunguliwa Juni 2025. Reli ya Mwanza–Isaka, kilomita 341, nayo inapita mlangoni. Darasa la ukubwa huo halijengwi kila muhula, na mwanafunzi kupelekwa kwa basi siku moja, akapiga picha na kofia ngumu kichwani, mimi siiti kusoma.

Kijana wangu hakulala usiku ule. Asubuhi alikuja na karatasi nne: injini ndogo ibaki, na mtumbwi unaofuata uongezwe upana. Mzee akaangalia tarakimu, akasema yeye mitumbwi ya abiria huwa anaiongezea kiganja kimoja kila upande, alifundishwa hivyo na baba yake.

Wiki ya mwisho msimamizi kutoka chuoni alifika, akakaa robo saa, akauliza muhuri uko wapi. Kwa mzee hakupita. Fomu ilihitaji sahihi ya mtu mwenye shahada, kwa hiyo nikasaini mimi. Alipoondoka, nikamkuta kijana nyuma ya karakana ameshika futi kamba, mzee amekunjua mkono juu ya ubao, wanapima kiganja. Sentimita 9 na nusu.