Jaribio, jaribio, moja mbili

Kwa kuwa mwenzangu mmoja ameshaimwaga kwenye grupu habari ya kikao cha harusi, eti nilijificha jikoni, tena kaitia chumvi, acheni niwape yenyewe. Kwanza kabisa, sikujificha jikoni. Nilikwenda kuangalia kama maji yanatoka.

Mnajua mimi ndiye katibu wa kamati ya harusi ya binamu. Daftari nililipiga marufuku: michango yote iko kwenye shiti ya Google, jedwali la mtandaoni, ahadi safu hii, kilicholipwa safu ile. Kikao cha Jumapili, hapa Tabata, mwenyekiti wetu Baba Mkubwa akaanza: "Katibu, wenzangu mtu akiandika komenti simu zinalia. Yangu kimya. Mimi mwenyekiti au mlinzi?"

Nikaiomba simu. Fundi nimepewa jukwaa! Nikakuta makosa matatu, mawili ya kwangu. Siku ya kumwalika nilitoa tiki ya kumjulisha, eti nisimsumbue mzee. Halafu nilimpa utazamaji tu, na mtazamaji haoni komenti. La tatu lake: simu yake ni Android 13, programu huomba ruhusa kabla ya kukuletea taarifa, na ile ya barua pepe, zinakopitia taarifa za komenti, ilipoomba, alikataa. Wajukuu wamemfundisha kukataa kila kinachouliza.

Nikampandisha kuwa mhariri. Nikamwashia ruhusa. Nikamchagulia taarifa za komenti zote. Watu kumi na wawili wananitazama kama naongoza ndege.

Ikabaki kujaribu. Kwenye kompyuta yangu nikabofya mstari wa 14, wenye jina lake, kiboksi kikafunguka, nikaandika "Jaribio, jaribio, moja mbili", nikamtagi, nikatuma. (Wewe uliyeshaanza kucheka, subiri.) Sikuangalia kwamba kile kiboksi kilikuwa cha kujibu. Kujibu komenti ya mwezi uliopita.

Tukasubiri. Ting!

"Imeingia!" Baba Mkubwa akafurahi kama mtoto. Akatoa miwani mfuko wa shati, akaifuta kwa pindo la shati, kioo cha kwanza, kioo cha pili. Simu akaisogeza mbali, akairudisha karibu. Mimi natabasamu, nangoja makofi. Akaanza kusoma, kwa sauti ileile ya kusomea risala: "Baba Mkubwa, laki tano, ahadi ya tangu Pasaka. Pesa ziko njiani."

Akatua.

Hapo ndipo kumbukumbu iliponirudia, ikianzia kwenye nyayo. Nikadaka kipanya, nikafuta komenti zote za pale. Kwenye shiti zikapotea. Lakini barua pepe ikishatoka imetoka, jamani, na hii ilikuwa imebeba mazungumzo yote tangu mwanzo.

Akaendelea kusoma: "Nadhani zinakuja kwa miguu, kutokea Kigoma."

Akashuka mstari. "Huyu mwingine anajibu: labda zimepumzika Dodoma." Huyo mwingine ndiye anayewasimulia kwenye grupu. Kipande hiki kakiruka, sivyo?

Akamalizia bila kubadili sauti: "Jaribio, jaribio, moja mbili."

Shangazi akajiziba mdomo kwa kanga, mabega yanaruka. Kuna mtu alikuwa na karanga mdomoni, tukamsikia anatafuna moja moja. Baba Mkubwa akavua miwani, akaikunja, akairudisha mfukoni.

"Katibu," akasema, "inafanya kazi."

Ndipo nikaenda kuangalia maji.

Mengine ni mafupi. Nimepiga magoti, nimesamehewa, ajenda ikahamia kwenye keki, na laki tano ziliingia usiku uleule. Shida ni kwamba kutagi amekujua sasa. Leo saa 11 alfajiri simu za kamati nzima zimelia, maana wote niliwaelekeza mwenyewe wawashe komenti zote. Mstari wa 23, jina langu, ahadi 200,000, kilicholipwa 50,000:

"Katibu, mwanangu, za kwako zimelala Morogoro?"